Vulnerable: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu maana na matumizi yake

Maswali haya yametoka kwa wanafunzi wa Kiingereza, waandishi wa ripoti za miradi, watafsiri na watu waliokutana na neno hili kwenye barua au ujumbe wa simu wakabaki na mashaka. Si lazima usome kwa mpangilio. Jibu linapogusa jambo lililokwisha kuelezwa, utaelekezwa lilipo.

## Mambo ya mwanzo

Vulnerable maana yake ni nini hasa?

Ni kivumishi cha kumweleza mtu, mnyama, mahali au kitu ambacho ni rahisi kudhurika: kuumizwa, kuambukizwa, kutapeliwa, kuvamiwa, kuvunjwa moyo. Shika hayo maneno mawili, "rahisi kudhurika". Neno hili halisemi kwamba madhara yametokea. Nyumba iliyokwisha kusombwa na maji huiiti vulnerable. Nyumba ya udongo iliyo kando ya mto, masika yakiwa yanakaribia, hiyo ndiyo vulnerable.

Ndani ya neno hili mna swali lisilotamkwa: kudhurika na nini? Kijana mwenye misuli ya kubeba magunia anaweza kuwa vulnerable mbele ya tapeli wa mtandaoni. Bibi yake asiye na simu hana shida hiyo, lakini baridi ya Juni ikimpata kifuani ni habari nyingine. Kila unapolisoma, jiulize swali hilo kabla hujafungua kamusi. Maswali mengi hapa chini yanajibika kwa hilo peke yake.

Neno lenyewe limetoka wapi?

Kilatini. *Vulnus* ni jeraha, *vulnerare* ni kujeruhi, na *vulnerabilis* ni anayeweza kujeruhiwa. Kiingereza kililipokea karne ya 17 ilipokuwa inaanza. Shakespeare analo katika Macbeth, pale Macbeth anapomwambia adui yake akapige upanga kwenye vichwa vinavyojeruhika, kwa sababu yeye anaishi kwa kinga ya uganga.

Msomaji wa pwani hapo atamkumbuka Fumo Liyongo. Yule naye mwili wake haukuingiwa na silaha, kasoro kitovuni, tena kwa sindano ya shaba tu, na aliyekuja na hiyo sindano alikuwa mtoto wake mwenyewe. Ukitaka kumweleza Mwingereza habari za Liyongo kwa sentensi moja, mwambie alikuwa *vulnerable* mahali pamoja tu.

Kifaransa kina *vulnérable*, la ukoo huohuo na maana ileile. Kwa hiyo msomaji wa Goma, Bukavu au Bujumbura huenda analijua tayari kwa mlango huo.

Linatamkwaje?

Mkazo uko mwanzoni kabisa: VAL-na-ra-bo, herufi *u* ikisikika karibu na *a* yetu. Sisi tumezoea kukazia silabi ya pili kutoka mwisho, ndiyo maana wengi wetu husema "vulne-RA-bo". Utaeleweka, ila sikio la mwenyeji litashtuka kidogo.

Usishangae pia kuwasikia Waingereza wenyewe wakiimeza *l* ya kwanza, wakasema "vanrabo". Kwenye kuandika, hiyo *l* haiachwi. Nomino *vulnerability* huhamisha mkazo: val-na-ra-BI-li-ti.

Kiswahili chake ni kipi?

Hili ndilo swali linaloongoza, na anayeuliza hutarajia neno moja. Hakuna neno moja linalofaa kila mahali. Ila Kiswahili hakijapungukiwa. Tunacho kiambishi kinachofanya kazi ileile ya *-able*, nacho ni *-ika* au *-eka*. Barabara haipitiki. Mwandiko wake hausomeki. Maji haya hayanyweki. Ukichukua "jeruhi" ukapata "jeruhika", au "dhuru" ukapata "dhurika", umefanya alichofanya Mrumi alipotoa *vulnerabilis* kwenye jeraha.

Kuna mtego mmoja. Viarifu hivi hueleza pia jambo lililokwisha kutokea: "nyumba kumi zimedhurika" ni habari ya jana. Kwa hiyo ongeza neno la kuonyesha uwezekano: *rahisi kudhurika*, *mwepesi kuathirika*, *anayeweza kuumizwa*. Kuanzia hapo, chagua kitenzi kinachojibu lile swali la "na nini":

Kwa maradhi, *aliye katika hatari ya kuambukizwa* au *mwepesi kuugua*. Kwa matapeli, *anayetapelika kirahisi*. Kwenye mpira, mtangazaji akisema timu ni *vulnerable* upande wa kushoto, sema upande wa kushoto unapitika. Hakuna Kiswahili kizuri kuliko hicho. Kwa ngome au mpaka, *unaoshambulika* au *ulio wazi*. Kwa watu wanaotajwa kwenye sera na miradi, soma jibu kuhusu "hatarishi" hapo chini kabla hujaandika chochote.

Mbona nisiandike tu "dhaifu"?

Kwa sababu dhaifu ni *weak*, na hayo ni mambo mawili. Udhaifu uko ndani ya mtu. Hali ya kuwa vulnerable iko kati ya mtu na kinachomkabili. Bondia mwenye ngumi nzito kuliko wote huwa vulnerable pale anaposhusha mikono. Mfanyabiashara tajiri akishuka stendi ya mji asioujua saa nane za usiku, simu imezima chaji, yuko vulnerable mpaka kupambazuke. Hakuna aliyepungukiwa nguvu hapo.

"Mnyonge" nalo ni neno la hadhi na uwezo wa kiuchumi, na kwenye siasa za Tanzania limebeba mzigo wake wenyewe. Mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, serikali ya Uingereza iliwaandikia watu wenye maradhi fulani ikiwaita *clinically extremely vulnerable*, ikiwataka wakae ndani. Miongoni mwao hawakosi waliokuwa na mali. Mtafsiri aliyeandika "wanyonge" hapo alikosea.

## Sarufi

Ni *vulnerable to*, *vulnerable for* au *vulnerable of*?

Ni *to*. *Children are vulnerable to malaria.* *The town is vulnerable to flooding.* Baada ya *to* weka nomino au kitenzi chenye *-ing*: *vulnerable to being cheated*. Kosa la *to be cheat* ni la kila siku kwenye madaftari.

*For* hutokea, lakini huleta maana nyingine, yaani muda au kipindi: *vulnerable for months*. Hapo *for* ni ya miezi, haikuletwa na kivumishi.

Naweza kusema *vulnerables*?

Hapana. Kiingereza huweka *the* mbele na kuacha kivumishi kama kilivyo: *the vulnerable*, kama *the poor* na *the sick*. Ni wingi tayari: *the vulnerable are*, kamwe si *is*. Mmoja wao ni *a vulnerable person*. Kosa hili huwaponza zaidi waliosomea Kifaransa, kwa sababu kule *les vulnérables* inaruhusiwa.

Nikitaka kulinganisha?

*More vulnerable, most vulnerable.* Ukitaka upande wa pili, *less vulnerable*. Hakuna *-er* wala *-est*.

Linaandamana na vitenzi gani?

Zaidi ya *be*, kuna *feel*, *look*, *become*, *remain*, na viwili vya kutazama kwa makini: *make* na *leave*. *The drought made them vulnerable* inasema ukame ndio uliowafikisha hapo. *The drought left them vulnerable* inasema ukame ulipita, ukawaacha katika hali hiyo. Cha pili kina picha ya mtu aliyebaki uwanjani peke yake, na waandishi wa habari hukipenda kwa sababu hiyo.

Kuna tofauti gani na *susceptible*, *prone*, *fragile* na *at risk*?

*Susceptible* hupenda maradhi na ushawishi: mwili unaopokea ugonjwa, akili inayopokea maneno matamu. *Prone* ni mazoea, jambo linalojirudia. *Fragile* ni kitu chenyewe kuvunjika upesi, kama glasi au amani iliyotiwa saini juzi. *At risk* humtaja mtu kwa hatari iliyo mbele yake bila kusema lolote kuhusu uwezo wake wa kuihimili.

Tuchukue Jangwani, Dar es Salaam, kwenye bonde la Msimbazi, ambako hata karakana ya mabasi ya mwendokasi imeingiwa na maji zaidi ya mara moja. Bonde ni *flood-prone*, kwa kuwa maji huja kila mara. Wakazi wote ni *at risk*. Aliye *vulnerable* kuliko wenzake ni mpangaji wa chumba cha chini, asiye na akiba wala ndugu wa kumpokea.

## Kwenye ripoti, sera na sheria

Nimeandika "makundi hatarishi" na mhariri amefuta. Kwa nini?

Mhariri yuko sahihi, mshukuru. "Hatarishi" ni kinacholeta hatari: tabia hatarishi, taka hatarishi, mazingira hatarishi. Ukiandika "watoto hatarishi" umesema watoto hao ni hatari kwa wengine. Nia yako ilikuwa kuwatetea, na karatasi yako imewashitaki.

Andika *watoto wanaoishi katika mazingira hatarishi*, kama ilivyozoeleka Tanzania, au *walio katika mazingira magumu*, au *makundi yaliyo hatarini*. Hatari imewekwa mahali pake, yaani kwenye mazingira. Ni maneno mengi, najua, na kwenye jedwali hayatoshi kwenye safu. Panua safu.

Na "waathirika" je?

Hao ni waliokwisha kupatwa. Waathirika wa mafuriko ni wale ambao magodoro yao yamelowa. Walio vulnerable wamelala juu ya magodoro makavu, wakisikiliza mvua. Ripoti inayochanganya makundi haya mawili itapeleka blanketi kunakotakiwa mifereji. Ukilazimika kutumia mzizi huo, andika *wanaoweza kuathirika* au *walio rahisi kuathirika*.

OVC na MVC ni nini?

Ni vifupisho vya miradi. OVC ni *orphans and vulnerable children*, yatima na watoto walio katika mazingira hatarishi. Kenya hutumia kifupisho hicho kwenye mpango wake wa kuzipelekea fedha familia zinazolea watoto hao, ulioanza kwa majaribio mwaka 2004. MVC ni *most vulnerable children*, na kimetumika zaidi Tanzania. Kwenye mkutano wa kijiji usitumie kimojawapo. Nimewahi kumsikia mzee akiuliza kama MVC ni chama kipya.

Katiba ya Kenya inasemaje?

Ibara ya 21(3) ya Katiba ya 2010 inavipa vyombo vyote vya dola na maofisa wote wa umma wajibu wa kushughulikia mahitaji ya *vulnerable groups*, kisha inataja: wanawake, wazee, watu wenye ulemavu, watoto, vijana, jamii ndogo au zilizotengwa, na jamii za kabila, dini au utamaduni fulani. Ukihesabu, waliobaki nje ya orodha hiyo ni wachache mno.

Kwa mwandishi wa sheria, upana huo ni kinga. Kwa mtu wa bajeti ni kichwa kuuma: fedha zikiwa za watu mia, orodha ya Katiba haikuambii uanze na nani. Ndiyo maana hati za mipango huongeza *most* au hutaja vigezo vyake.

Nimesikia neno hili linaonekana la kudhalilisha siku hizi. Ni kweli?

Kwa kiasi fulani, na mahali fulani. Huko Uingereza, mwongozo wa serikali wa mwaka 2000 kuhusu kuwalinda watu wazima dhidi ya unyanyasaji ulitumia *vulnerable adult*. Baada ya sheria ya matunzo ya 2014, inayotumika England, kauli iliyoshika nafasi ni *adult at risk*. Hoja ilikuwa kwamba *vulnerable adult* inambandika mtu sifa, kana kwamba kosa liko kwake, na kumsahau anayemnyanyasa.

Mtu aliyezoea "wanaoishi katika mazingira hatarishi" atatabasamu. Kiswahili kiliiweka hatari nje ya mtu tangu mwanzo, kwa sababu hakikuwa na kivumishi kimoja cha kumbandika.

Neno halijafutwa, hata hivyo. Polisi, hospitali na benki za Uingereza bado hulitumia. Unapomwandikia au kumzungumzia mtu mmoja mmoja, taja hali yake: anaishi peke yake, hasikii vizuri, hana mlezi. Hilo litamsaidia kuliko kivumishi.

Kwenye mabadiliko ya tabianchi linatumikaje?

Hapa lina maana ya kitaalamu, na lina fedha nyuma yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1992 kuhusu mabadiliko ya tabianchi unazitaka nchi tajiri zizisaidie nchi zinazoendelea ambazo ni *particularly vulnerable* kugharimia kukabiliana na madhara. Nchi kuhesabiwa humo si sifa ya kujivunia, lakini ni hoja mezani. Mwaka 2009, huko Maldives, nchi kadhaa zilianzisha umoja unaojiita Climate Vulnerable Forum, kwa jina hilohilo, mchana kweupe.

Wataalamu wa IPCC, jopo la kiserikali la Umoja wa Mataifa kuhusu tabianchi, hutenganisha mambo matatu. Kwanza ni janga lenyewe, kama mvua kubwa. Pili ni kuwa kwenye njia yake, wao huita *exposure*. Tatu ni *vulnerability*, yaani urahisi wa kuathirika pamoja na uhaba wa uwezo wa kuhimili na kujirekebisha. Rudi Jangwani: majirani wawili wako kwenye njia ya maji yaleyale, mmoja akiwa na msingi ulioinuliwa na biashara mjini, mwingine hana. *Exposure* yao ni moja, *vulnerability* ni mbili.

## Matumizi ya pembeni

Nimesoma kwamba simba ni *vulnerable*. Simba amekuwa dhaifu?

Hapana, na tafadhali usiende kumhakikisha. Kwenye Orodha Nyekundu ya IUCN, umoja wa kimataifa wa uhifadhi wa maumbile, Vulnerable ni ngazi ya hatari ya kutoweka, ikiandikwa kwa herufi kubwa na kifupisho VU. Juu yake kuna Endangered, kisha Critically Endangered. Spishi huweza kuingia VU ikiwa, kwa mfano, idadi yake imepungua kwa asilimia 30 au zaidi katika miaka 10 au vizazi 3, muda ulio mrefu kati ya hiyo miwili.

Simba, duma, chui, twiga na kiboko wote wamo VU. Tembo wa savana yuko ngazi ya kati tangu 2021, na faru mweusi yuko ya juu kabisa. Nguva anaonyesha jinsi lebo inavyotegemea unaangalia wapi: duniani kwa jumla ni VU, lakini wale wa pwani ya Afrika Mashariki wamewekwa Critically Endangered.

Ukitafsiri, andika "yumo katika hatari ya kutoweka" na utaje ngazi. "Simba dhaifu" ni kichekesho, na nimeshakiona kimechapishwa.

Na kompyuta?

Programu ikiwa *vulnerable*, ina mwanya ambao mdukuzi anaweza kupitia. Hapa nomino ina wingi wa kawaida, *vulnerabilities*, kwa sababu mianya inahesabika. Tangu 1999 ipo orodha ya wazi, CVE, inayoupa kila mwanya namba yake. Ule wa Log4j, programu ya kutunza kumbukumbu inayotumika ndani ya programu nyingine, uliotangazwa Desemba 2021 uliitwa CVE-2021-44228, na ukapewa alama 10 kati ya 10 za ukali.

Kiswahili chake: *udhaifu wa kiusalama* kwenye hati rasmi, *mwanya* au *tundu* mnapozungumza. Kwenye hili "udhaifu" unakubalika, kwa sababu kasoro kweli iko ndani ya kitu chenyewe.

Mchumba wangu wa ughaibuni ameniandikia "I want you to be vulnerable with me". Anataka niumie?

Tulia. Angalia kihusishi: ni *with*, wala si *to*. *Vulnerable with someone* ni kumfungulia mtu moyo, kumwonyesha hofu na aibu zako ukijua anaweza kuzitumia kukuumiza, na kumwamini kwamba hatafanya hivyo. Matumizi haya yamevuma sana tangu Brené Brown, mtafiti wa Marekani, alipotoa hotuba yake Houston mwaka 2010.

Maneno ya Kiswahili ni *kufungua moyo*, *kuwa wazi*, *kutoficha yaliyo rohoni*. Na wazo si geni. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Ila usitafsiri kwa "kuwa dhaifu kwangu", kwa sababu "nina udhaifu kwako" kwetu ni kauli nyingine kabisa.

Kinyume chake ni *invulnerable*?

Kwenye kamusi, ndiyo. Kwenye maisha, *invulnerable* ni neno kubwa mno: ni la Liyongo ukiondoa kitovu, au la wapiganaji wa Maji Maji wa 1905 walioamini dawa ya Kinjikitile ingegeuza risasi kuwa maji. Kwa mambo ya kawaida tumia *safe*, *protected*, *secure*. Kwa ugonjwa, *immune*. Kwa jamii inayoanguka ikainuka, *resilient*. Au *less vulnerable* tu, ambayo ndiyo kauli ya kweli mara nyingi.

Naona wachezaji wa bridge wakisema "we are vulnerable" huku wakicheka. Wanaogopa nini?

Wanaogopa hesabu. Kwenye mchezo huo wa karata, upande ulio vulnerable hupata alama zaidi ukifaulu na hupoteza zaidi ukishindwa. Ukitimiza ahadi ya gemu kwenye mashindano unaongezwa alama 500 badala ya 300, na ukipungukiwa unakatwa 100 badala ya 50 kwa kila hatua, ikiwa wapinzani hawakukuongezea dau. Aliyetunga kanuni hizo ni Harold Vanderbilt, akiwa safarini melini mwaka 1925. Neno lenyewe alipewa na msichana aliyekuwa abiria mwenzake, na jina la huyo msichana halijulikani.